Ujuzi wa Mwili na Heshima kwa Jirani

Somo kwa wakatekumeni, wazazi na walimu wa Masisi na Walikale

MFANO WA KUANZIA

Lifikiriwe darasa la 6 la shule moja ya msingi, juu ya kilima, kati ya Sake na Masisi. Ni asubuhi ya baridi, na ukungu bado umefunika malisho ya ng'ombe. Mwalimu anaandika hesabu ubaoni. Binti mmoja wa miaka 13 anaitwa aje mbele. Anaposimama, wenzake wanaona doa la damu nyuma ya sketi yake ya buluu. Mvulana mmoja anacheka, kisha benchi zima linacheka, kisha darasa lote. Mwalimu hajui aseme nini. Anapiga meza kwa fimbo, anaamuru kimya, na kuendelea na hesabu. Binti anarudi kukaa, uso ameufunika kwa mikono. Kengele ilipolia alikwenda zake bila kuaga mtu, na kesho yake nafasi yake ilikuwa tupu.

Katika darasa hilo hilo yumo mvulana wa miaka 12 ambaye hukaa peke yake kwenye benchi la nyuma. Mama yake alimzaa baada ya kutekwa na watu wenye silaha. Wenzake humwita mtoto wa msituni, na hakuna anayetaka kugawana naye kitabu. Siku ile ya damu, ni yeye mmoja tu ambaye hakucheka.

Mfano huu si wa shule moja. Wazazi na walimu wengi wa nchi hii wataitambua habari yao humo. Makosa mawili yalitendeka. La kwanza ni kutojua: watoto hawakuwa wamefundishwa maana ya damu ile, wala mwalimu hakuwa tayari kuwaeleza. La pili ni kutoheshimu: walimcheka aliyepatwa na jambo ambalo hakulichagua, kama walivyozoea kumtenga yule mvulana kwa kosa ambalo si lake. Somo hili lataka kuonyesha kwamba makosa haya mawili yana shina moja, na kwamba hayawezi kuponywa kwa dawa mbili mbalimbali. Ujuzi wa mwili bila heshima kwa jirani ni kisu mkononi mwa mtoto mchanga. Na heshima bila ujuzi huanguka siku ya majaribu.

I. WAZEE WALIVYOFUNDISHA

Wazee wa hapo kale hawakuwaacha vijana bila mafundisho. Katika msitu wa Walikale, wavulana walipelekwa jandoni, wakatengwa na kijiji, wakafundishwa uvumilivu, adabu na mambo ya utu uzima. Juu ya vilima vya Masisi, binti alifundishwa na shangazi au bibi yake, jioni, mbali na masikio ya wanaume. Kila neno lilikuwa na wakati wake na mwenye kulisema.

Mafundisho hayo yalikuwa na hekima kubwa, nayo haifai kuyadharau. Lakini yalikuwa na upungufu pia. Mvulana alijifunza mambo ya wavulana tu; mambo ya binti yalibaki siri, na siri hiyo ikageuka kuwa hofu au mzaha. Kila kabila lilifundisha watoto wake peke yao, na mara nyingine kijana alitoka jandoni akiwa amejifunza kumdharau asiyepita mahali alipopita yeye.

Kisha zikaja vita. Familia zilitawanyika, shangazi yuko kambi moja, mtoto yuko kambi nyingine, bibi amebaki kijijini au amekufa njiani. Januari 2025 vita vilifika Masisi mjini, na Machi mwaka huo vikafika Walikale mjini. Mara ngapi watoto wamelala katika madarasa, na masomo yakakoma? Methali yasema: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Na ulimwengu wa siku hizi haukai mbali. Umo ndani ya simu inayopita mkono kwa mkono sokoni na kwenye machimbo ya madini, ukionyesha vijana picha za aibu zisizo na upendo wala adabu. Basi swali si kama watoto watafundishwa mambo ya mwili au la. Swali ni nani atakayewafundisha, na kwa moyo gani.

II. SHULE, KANISA NA WAZAZI

Katika Kongo, shule nyingi zimo mikononi mwa Kanisa. Mwaka 1974 serikali ya Zaire ilizichukua shule zote za misioni. Mwaka 1977 ikafanya mapatano na makanisa, nayo yakapewa tena kazi ya kuziongoza. Kwa hiyo shule nyingi za Masisi na Walikale ni za serikali kwa sheria na mpango wa masomo, tena ni za Kanisa kwa uongozi na malezi. Katika shule ya sekondari, somo la Elimu ya Maisha lina nafasi yake katika karatasi ya alama za mwanafunzi, karibu na Dini na Uraia. Nafasi hiyo ipo kwenye karatasi. Shida ni kwamba walimu wengine huipita kwa haraka, kwa kuona haya.

Wako Wakristo wanaodhani kwamba Kanisa limekataza mafundisho hayo. Sivyo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya malezi ya Kikristo la tarehe 28 Oktoba 1965, ulitaka watoto na vijana wapewe malezi ya ujinsia yaliyo mema na ya busara, kadiri wanavyokua. Mwaka 1981 Papa Yohane Paulo wa Pili alieleza kwamba wajibu huo ni wa wazazi kwanza, na kwamba shule huwasaidia chini ya uangalizi wao. Mwaka 2016 Papa Fransisko, katika waraka wake juu ya upendo ndani ya familia, aliyasifu tena malezi hayo, akaonya yasiwe maneno ya kujikinga na hatari tu, kana kwamba mtoto atakayezaliwa ni adui. Alifundisha pia kwamba mume anayesaidia kazi za nyumbani au kulea watoto hapungukiwi na uanaume wake.

Nje ya Kanisa, Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, yaani UNESCO, lilitoa mwongozo wa elimu kamili ya ujinsia mwaka 2009, likautengeneza upya mwaka 2018. Elimu huitwa kamili kwa sababu haiishii kwenye viungo na magonjwa. Hugusa pia urafiki, familia, haki, na usawa wa mume na mke. Kanisa halikubali kila neno la mwongozo huo, hasa juu ya njia za kuzuia mimba. Lakini katika jambo moja wote wawili wanakutana: mafundisho ya mwili yasiyomfundisha mtu kumheshimu mwenzake ni mafundisho nusu.

III. MAMBO YA KUFUNDISHA, KILA UMRI NA CHAKULA CHAKE

Mtoto mchanga hapewi mfupa, wala kijana hapewi uji peke yake. Yafundishwe mambo kwa ngazi.

Mtoto mdogo, kabla ya miaka 9, ajifunze majina yenye adabu ya viungo vyote vya mwili. Ajue kwamba mwili wake si wa kuchezewa. Hata ndugu, mwalimu, askari au mtu wa Kanisa hana ruhusa ya kumshika sehemu za siri. Akiguswa vibaya, aseme upesi kwa mtu mzima anayemwamini, na asiposikilizwa aseme kwa mwingine. Mtu mzima anayemwambia mtoto, "Hii ni siri yetu," amejionyesha mwenyewe kuwa ni mbwa mwitu.

Mtoto anayekaribia kubalehe aelezwe mabadiliko kabla hayajamfikia. Wasichana wengi huanza kubadilika kati ya miaka 8 na 13, wavulana kati ya miaka 9 na 14. Binti huota matiti, kisha huvunja ungo. Mvulana hubadilika sauti, huota ndevu, na mara nyingine hutokwa na mbegu usingizini. Si ugonjwa wala dhambi. Juu ya hedhi, wavulana na wasichana wafundishwe pamoja: kila mwezi tumbo la uzazi hutandika kitanda cha damu, tayari kumpokea mtoto. Mimba isipotungwa, kitanda hicho hutoka, kwa muda wa siku 2 hadi 7. Si uchafu, si laana, wala si dalili kwamba binti amefanya jambo baya. Mahali pengine husemwa kwamba binti aliye mwezini akikaribia ng'ombe, maziwa yatakauka. Ng'ombe hajui siku za binti. Hukausha maziwa kwa ukosefu wa majani na kwa ugonjwa. Binti ahitaji vitambaa safi, maji, sabuni, na choo chenye mlango wa kufungwa. Shule isiyo na choo cha namna hiyo humfukuza binti bila kutamka neno.

Kijana wa miaka 13 na zaidi aelezwe jinsi mimba inavyotungwa, ajue kwamba mara moja tu yatosha, hata kama ni mara ya kwanza. Aelezwe magonjwa yanayopita kwa njia ya kujamiiana, ukiwemo Ukimwi, ambao katika Kongo wengi huuita Sida. Afundishwe usafi wa moyo, yaani uwezo wa kuitawala tamaa ili siku moja aweze kumpenda mwenzake katika ndoa bila kumtumia kama chombo.

Aijue na sheria ya nchi. Zamani sheria ya Kongo iliruhusu binti aolewe akiwa na miaka 15. Sheria ya kulinda watoto ya mwaka 2009 ilikataza kuoza mtoto ye yote aliye chini ya miaka 18, na sheria ya familia iliyorekebishwa mwaka 2016 iliweka umri wa kufunga ndoa kuwa miaka 18 kwa mume na kwa mke. Sheria za tarehe 20 Julai 2006 zahesabu kuwa ubakaji tendo la kumlala mtoto wa chini ya miaka 18, hata kama alikubali. Tena zasema kwamba malipo hayafuti kesi ya namna hiyo. Mbuzi wawili au ng'ombe mmoja, waliotolewa na baba wa kijana kwa baba wa binti, hawamalizi jambo. Wamewafurahisha wazee wawili. Aliyeumizwa hakupewa kitu.

Na neno hili likaririwe katika kila nyumba: aliyebakwa apelekwe kituo cha afya kabla saa 72 hazijapita, yaani siku tatu. Ndani ya saa hizo iko dawa inayoweza kuzuia virusi vya Ukimwi visishike mwilini. Asifichwe ndani, wala asingoje baraza la ukoo limalize maneno. Hata zikipita siku tatu apelekwe, maana majeraha na magonjwa mengine bado yana tiba. Hospitali Kuu ya Masisi imesaidiwa kwa miaka mingi na Madaktari Wasio na Mipaka katika kuwatunza watu hao. Huko Bukavu, Daktari Denis Mukwege alianzisha hospitali ya Panzi mwaka 1999, na kwa kazi yake ya kuwaponya wanawake walionajisiwa alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018.

IV. KWA NINI UJUZI PEKE YAKE HAUTOSHI

Mtu aweza kuuliza: je, haitoshi kuwafundisha vijana habari za viungo na magonjwa, na kuyaacha mambo ya heshima kwa katekismu?

Jibu limetafutwa na wataalamu. Mwaka 2015 mtafiti Nicole Haberland alichunguza mipango 22 ya kufundisha vijana mambo ya ujinsia, katika nchi mbalimbali. Mipango 10 kati ya hiyo ilifundisha pia habari za jinsia na nguvu, yaani jinsi wavulana na wasichana wanavyotazamana, na jinsi mwenye nguvu anavyomtendea asiye na nguvu. Mipango 12 haikugusa habari hizo. Katika ile 10, mipango 8 ilipunguza mimba zisizotazamiwa au magonjwa. Katika ile 12, ni 2 tu.

Mkatekumeni asishangae. Magonjwa na mimba za utotoni haviji kwa ujinga peke yake. Huja pia kwa sababu mvulana amefundishwa kwamba "hapana" ya binti haina maana, na binti amefundishwa kwamba hana ruhusa ya kuisema. Ukimwambia mvulana habari zote za virusi, lakini ukamwachia mawazo ya kwamba binti ni kama shamba lisilo na mwenyewe, hukumfundisha kitu.

Mwaka 2021 wataalamu wawili wa Marekani, Eva Goldfarb na Lisa Lieberman, walitoa matokeo ya kusoma tafiti za miaka thelathini. Waliona kwamba elimu ya ujinsia iliyo kamili, iliyoanza mapema na kuendelea kwa miaka, huwasaidia watoto kujilinda na wanaotaka kuwanajisi. Huwasaidia tena kuwakubali wenzao walio tofauti, na uonevu hupungua shuleni. Mtoto aliyefundishwa kuuheshimu mwili mmoja hujifunza kuiheshimu yote.

V. WATU WA NAMNA NYINGI KATIKA DARASA MOJA

Hapa ndipo somo hili linapogusa jeraha la nchi hii. Masisi ina nchi za machifu wa Bahunde na Bashali, na sekta za Osso-Banyungu na Katoyi. Walikale ina sekta za Wanianga na Bakano. Humo wamo Wahunde, Wanyanga, Wahutu, Watutsi, Watembo, Wakano, Wakumu, Watwa na wengineo. Wengine ni wa tangu zamani sana. Wengine babu zao waliletwa kutoka Rwanda na serikali ya Wabelgiji, kati ya mwaka 1937 na mwaka 1955, makumi ya maelfu ya watu, wakapewa mahali pa kukaa Masisi. Leo watoto wao wote hukaa kwenye benchi moja.

Machi 1993 mapigano ya kikabila yalizuka katika soko la Ntoto, Walikale, yakaenea mpaka Masisi. Maelfu walikufa, na wengine wengi zaidi walikimbia. Mapigano kama hayo yana sababu nyingi, kama ardhi, mamlaka na uraia. Lakini wazee wajua kwamba kabla ya panga huja neno, na neno la kikabila hupenda kuanzia mwilini. Mtu huchekwa kwa pua yake, kimo chake, rangi yake, namna anavyotamka maneno. Darasa linalojifunza kucheka damu ya binti linajifunza pia kucheka pua ya jirani.

Na vita vinapokuja, mwili wa mwanamke hufanywa uwanja wa mapigano. Kati ya tarehe 30 Julai na tarehe 2 Agosti 2010, katika vijiji 13 vya Walikale, Luvungi kikiwa kimojawapo, watu wenye silaha waliwabaka watu wasiopungua 387. Hesabu hiyo ni ya Umoja wa Mataifa: wanawake 300, wasichana 55, wanaume 23 na wavulana 9. Mmoja wa wakuu wa vikosi, Ntabo Ntaberi Sheka, alihukumiwa na mahakama ya kijeshi huko Goma kifungo cha maisha, Novemba 2020. Miaka kumi ilipita kabla ya hukumu hiyo, lakini ilikuja. Tena watu wasome vizuri hesabu ile: wanaume na wavulana wamo. Mvulana aliyebakwa hakupoteza uanaume wake, wala hakujipatia aibu. Sheria ya mwaka 2006 yamlinda sawasawa na binti, nayo saa 72 ni zake pia.

Basi, ni akina nani wanaoonewa darasani, ambao mwalimu awaangalie kwanza?

Yumo aliyebakwa. Asiitwe kwa jina la jeraha lake.

Yumo mtoto aliyezaliwa kwa ubakaji. Dhambi ya baba yake haikuingia katika damu yake. Mungu hakuona haya kumpa roho. Jirani aona haya ya nini kumpa kitabu?

Yumo Mtwa, ambaye wengine hawataki kunywa naye kikombe kimoja. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 13, yakataza kumbagua Mkongomani katika elimu kwa ajili ya kabila lake, dini yake au asili yake. Na sheria ya mwaka 2022 yawalinda wenyeji Wambilikimo kwa namna ya pekee.

Yumo mwenye ulemavu, ambaye wengi hudhani kwamba hahitaji mafundisho ya mwili kwa kuwa hataoa au hataolewa. Wakosaji humtafuta kwanza, wakijua kwamba hakufundishwa kusema.

Yumo mtoto aliyezaliwa na viungo vya uzazi visivyo wazi kuwa vya kiume au vya kike. Huyo ahitaji daktari na siri ya wazazi, wala si mganga na uvumi wa kijiji.

Yumo pia kijana ambaye wenzake humsema kwamba si mwanaume kamili au si mwanamke kamili, au ambaye moyo wake hauelekei mahali mioyo ya wenzake inapoelekea. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 hailainishi mafundisho yake juu ya matendo. Tendo la ndoa ni la mume na mke katika ndoa. Lakini Katekisimu hiyo hiyo yaagiza watu hao wapokewe kwa heshima, huruma na upole, na yakataza kila dalili ya kuwabagua isivyo haki. Anayempiga au kumfukuza kijana huyo asijisifu kwamba anailinda imani. Ameivunja sehemu yake moja.

VI. HOFU TATU ZA WAZAZI

Hofu ya kwanza: "Mkiwafundisha, mtawaamsha." Ushahidi uliokusanywa katika mwongozo wa UNESCO wa mwaka 2018 waonyesha kwamba elimu hii haiwaharakishi vijana kuanza kujamiiana. Kinachowaamsha kabla ya wakati ni simu, njaa, na mtu mzima mwenye fedha.

Hofu ya pili: "Mwalimu atafundisha mambo yasiyo ya imani yetu." Hofu hii ina haki yake, na dawa yake si kumtoa mtoto darasani. Wazazi waombe kuonyeshwa masomo mwanzoni mwa mwaka, wakae na mwalimu na katekista katika baraza la wazazi, waulize, wajibiwe. Mzazi asiyekwenda barazani asilalamike barabarani.

Hofu ya tatu haisemwi kwa sauti: "Mtoto akijua haki yake, atatushtaki." Ndiyo, atawashtaki wanaomdhulumu. Mzazi asiyemdhulumu mtoto wake hana la kuogopa.

VII. MWISHO WA MFANO

Lirudiwe darasa lile la kilimani. Siku ya tatu mwalimu alimwomba mwalimu mwenzake wa kike waende pamoja nyumbani kwa yule binti. Mama yake aliwapokea mlangoni, hakusema mengi. Alikuwa amekwisha kumtafutia binti kazi ya kuchunga mtoto wa jirani. Walikaa hata jioni. Mwalimu aliomba radhi kwa ukimya wake. Hilo ndilo lililomgusa yule mama, maana hakuwa amepata kumsikia mwalimu akiomba radhi.

Juma lililofuata darasa zima lilifundishwa habari za hedhi. Mwanzoni walicheka. Kisha mwalimu akawauliza wavulana: "Ni nani kati yenu ambaye hakulala katika kitanda kile miezi tisa?" Wakanyamaza. Binti akarudi. Nafasi yake ya zamani ilikuwa imekwisha kuchukuliwa, akaenda kukaa kwenye benchi la nyuma, karibu na yule mvulana ambaye hakucheka, na hesabu ikaendelea.

MASWALI NA MAJIBU

S. 1. Nani ana wajibu wa kwanza wa kumfundisha mtoto mambo ya mwili?
J. Wazazi wake. Shule na Kanisa huwasaidia.

S. 2. Hedhi ni nini?
J. Ni damu inayotoka katika tumbo la uzazi kila mwezi, mimba isipotungwa. Si uchafu wala laana.

S. 3. Sheria ya Kongo yataka mtu awe na umri gani ili afunge ndoa?
J. Miaka 18, mume na mke sawasawa.

S. 4. Aliyebakwa afanyiwe nini?
J. Apelekwe kituo cha afya kabla saa 72 hazijapita, atunzwe bila kulaumiwa, na jambo lake lifikishwe kwa serikali, si kumalizwa kwa mbuzi.

S. 5. Je, mwanaume au mvulana aweza kubakwa?
J. Aweza, naye ana haki ile ile ya dawa, ya sheria na ya heshima.

S. 6. Kwa nini haitoshi kufundisha viungo na magonjwa tu?
J. Kwa sababu anayejua mwili bila kumheshimu mwenye mwili hutumia ujuzi wake kwa kudhulumu.

S. 7. Mkristo amtendeeje mwenzake aliye tofauti?
J. Ampokee kama mtu aliyeumbwa kwa sura ya Mungu, asimcheke, asimtenge, wala asikae kimya wengine wanapomwonea.

KUSUDI LA JUMA HILI

Kila mzazi amweleze mtoto wake jambo moja la somo hili, kwa maneno ya adabu, wakati wa kupika au wa kutoka shambani. Kila mwalimu atazame benchi la nyuma na kujua kwa nini mtoto wa pale hukaa peke yake. Na kila mkatekumeni, akisikia kicheko juu ya mwili wa mtu, asicheke.